Mbuzi wa Eliye Hashibi

Wanjugu hakupenda kuulizwa umri wake, uzito wake, wala kama picha zake ni za kweli. Maswali mawili ya kwanza aliyajibu kwa kicheko. La tatu alilijibu kwa kukuonyesha ubao uliotundikwa juu ya mlango wa studio yake pale Kakuma mjini, herufi nyekundu kubwa, alizoziandika kwa mkono wake mwaka ule alipotoka Othaya kuja kutafuta maisha: PICHA HAIDANGANYI. Ukizidi kuuliza, alikuambia utoke nje, unamzibia mwanga.

Sasa ngoja. Kwamba picha haidanganyi ni jambo moja. Kwamba Wanjugu hadanganyi ni jambo jingine kabisa, na tukianza kuyachanganya haya mawili hatutafika popote.

Ndani ya studio kulikuwa na ukuta uliofunikwa kitambaa cha kijani, taa moja, feni moja iliyoning'inia chini mno, na kompyuta. Ulisimama mbele ya kitambaa, ukapigwa, halafu Wanjugu akakiondoa kile kijani na kukuweka popote moyo wako ulipotaka. Wapo waliotaka kusimama mlangoni mwa ndege. Wapo waliotaka theluji, na jasho linawatiririka. Lakini mahali palipopendwa kuliko pote ni Eliye Springs, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Na si kwamba Eliye ni mbali kama mbinguni. Unakwenda Lodwar, kutoka Lodwar unashuka ziwani, umefika. Ila mtumishi wa serikali anahitaji likizo, na mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini, na kibali hakitolewi kwa sababu mtu ametamani upepo.

Wanjugu mwenyewe alifika Eliye mara moja tu, miaka miwili iliyopita, na kina mama wa kanisa. Wenzake wakichezea maji, yeye alipiga picha moja nzuri ajabu: maji ya buluu, mikoma imesimama kama minazi, boti ya wageni imefungwa ufukweni na injini yake nyuma. Pembeni kulikuwa na mbuzi mweupe wa kichwa cheusi, amesimama kwa miguu miwili anavuta majani ya mkoma. Huyo mbuzi hakualikwa. Wanjugu alimwacha tu hapo, akaona hana shida na mtu.

Basi nusu ya Kakuma ikaenda Eliye bila kutoka Kakuma. Na kwa kuwa wateja walipenda, kila picha aliiandikia tarehe kwenye kona, tarakimu za manjano kama za kamera za zamani.

Desemba iliyopita akaja Manyok, mwoka mikate wa kule kambini, Kakuma Moja. Ni kijana wa Kidinka, mrefu hivi kwamba kuingia studio aliinama mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mlango na ya pili kwa ajili ya feni. Mkate wa Manyok ulisifika kambini na mjini. Alikuwa amemposa Arek, fundi cherehani, na harusi ilipangwa Jumamosi ya kwanza ya Februari. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mjomba wa Arek aliyeishi Eldoret. Mjomba alikuwa amesema kwenye simu, na simu yenyewe ilikuwa imefunguliwa sauti watu wote wanasikia, kwamba mpwa wake anaolewa na mtu asiyejua lolote zaidi ya tanuri.

"Ati hata ziwa sijawahi ona," Manyok akasema. "Mama Picha, niweke ziwani."

"Ziwani upande gani?"

"Karibu na kitu ya maana."

Wanjugu akamwegemeza mkono kwenye stuli ya plastiki, akampiga, kisha akaifuta stuli na mahali pake akaleta ile boti. Mkono wa Manyok ukatua juu ya injini kama mkono wa mtu aliyeinunua. Kazi safi! Wanjugu akaitazama akajipongeza, akaandika kwenye kona: 14 Desemba. Manyok akamtumia Arek, akamtumia mjomba, akaibandika kwenye status yake ya WhatsApp na maneno: Maisha ni kupumzika.

Siku hiyohiyo, kule Eliye kwenyewe, mtu asiyejulikana aling'oa injini ya boti ile akaenda nayo.

Mwenye nyumba ya wageni, mtu mmoja anaitwa Morgan, alilia kwenye kila kundi la WhatsApp kuanzia Lodwar hadi Kaaleng. Alibandika picha ya injini na tarehe iliyopotea, akaomba mwenye habari aseme. Watu wana macho. Haikufika katikati ya Januari, mtu akaweka picha mbili pamoja, na Sajini Kipkemboi akatumwa kwenda kumuuliza Manyok maswali.

Sajini alimkuta Manyok mbele ya tanuri. Lo, na siku gani aliyochagua! Mjomba alikuwa amesafiri kutoka Eldoret kuja kulitazama hilo tanuri kwa macho yake, na alikuwa amekalia kiti cha pekee kilichokuwapo.

"Huyu ni wewe?" Kipkemboi akauliza, akinyoosha simu.

"Ni mimi, Afande."

"Na hapa ni Eliye kweli? Fikiria vizuri kabla hujanijibu."

Manyok akamtazama mjomba. Kwao, mbele ya wakwe, mwanamume anaweza kukaa na njaa asiombe chakula, anaweza kuumwa asiseme. Lakini kuumbuka kwamba alidanganya, tena kwa ajili ya kujionyesha, hilo haliwezekani. Afadhali ardhi ipasuke.

"Ndiyo Afande. Ni Eliye. Pazuri sana."

"Tarehe kumi na nne?"

"Si imeandikwa hapo?"

Mjomba akatabasamu kwa fahari. Akaendelea kutabasamu mpaka alipoona pingu.

Arek alifika studio akihema, tepu ya cherehani bado shingoni. Wanjugu aliposikiliza alicheka, haki ya Mungu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamtazama msichana machoni, kicheko kikamkauka.

"Wamempeleka Lodwar, Mama Picha. Yuko rumande. Anasema sasa hakuwa Eliye, na hakuna mtu anamwamini kwa sababu mwanzo alikubali. Mjomba anasema akifungwa, harusi hakuna. Anasema atanirudisha Eldoret."

"Kesi ni lini?"

"Jumatatu."

"Nitakwenda nitasema ukweli."

Macho ya Arek yalipanda polepole hadi kwenye ubao wa juu ya mlango, na ya Wanjugu yakafuata. Kwa mara ya kwanza tangu auandike, Wanjugu alitamani ubao ule uanguke.

Ukweli ulikuwa na shida moja. Picha ile ya awali, yenye kitambaa cha kijani na stuli ya plastiki, haikuwapo tena. Kadi ya kamera aliifuta kila Jumapili jioni, ndiyo ilikuwa desturi yake, na kompyuta ilikufa siku ya Krismasi kwa joto, ikafa na vyote vilivyokuwa ndani: Manyok, ziwa, mbuzi, watu wote. Aliyokuwa nayo sasa ilikuwa mpya, tupu kama kibuyu cha dukani.

Jumatatu saa tatu asubuhi korti ya Lodwar ilikuwa imejaa na mafeni yalikuwa yanazungusha joto tu, yalichukue kona hii yalipeleke ile. Hakimu alikuwa mama wa miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua. Kiongozi wa mashtaka alikuwa bwana mfupi, mwenye leso ya kujipangusa uso na ulimi mkali. Manyok alisimama kizimbani ameinama, ingawa hapo hapakuwa na feni ya kumgonga. Alikuwa amekonda wiki moja tu hiyo.

Wanjugu akaeleza. Alieleza vizuri, kitambaa, stuli, boti. Yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho, akakunja leso yake.

"Bi Wanjugu, studio yako ina ubao?"

"Iko nayo."

"Umeandikwa nini?"

Wanjugu akashusha sauti. "Picha haidanganyi."

Watu wakacheka. Bwana akangoja wanyamaze. "Sasa tuambie. Ulidanganya ulipoandika, au unadanganya sasa?"

"Niliandika nikiwa bado msichana," Wanjugu akasema kwa hasira. "Na wewe ukiwa kijana hukuandika kitu?"

"Picha ya awali iko wapi?" hakimu akauliza.

"Kompyuta ilikufa Krismasi, mheshimiwa."

"Ikazikwa wapi?" bwana yule akadakia, na korti ikacheka tena. Kisha akageuka, sauti ikawa nzito. "Mheshimiwa, hakuna anayebisha kwamba mtu anaweza kuwekwa mahali asipokuwa. Kwamba inawezekana si kusema kwamba ilifanyika. Tuna picha. Tuna tarehe. Tuna mkono wa mshtakiwa juu ya mali iliyoibwa siku hiyohiyo. Na tuna mdomo wake mwenyewe, uliomwambia Sajini kwamba alikuwa huko na ni pazuri sana."

Wanjugu alipewa picha aitazame. Walikuwa wameichapisha kubwa, ukurasa mzima. Alitazama mkono wa Manyok, akautazama uzuri wa kazi yake mwenyewe, akajichukia. Hapo ndipo jicho lake lilipoteleza likaenda pembeni.

"Mheshimiwa! Mwone huyu mbuzi!"

"Mbuzi amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, hiyo ndiyo shida! Huyu nilimpiga miaka miwili iliyopita. Yuko kwa picha ya kila mtu niliyepeleka Eliye. Amesimama hivyo kwa miguu miwili, na jani ni lilelile, na hajashuka mpaka leo!"

Korti nzima ilivunjika mbavu, hata askari wa mlangoni. Hakimu hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena akamtazama yule mbuzi kwa muda mrefu.

"Niletee hizo picha nyingine," akasema. "Alhamisi saa tatu. Na mbuzi wawe zaidi ya mmoja."

Ungefikiri hilo ni jepesi. Wanjugu naye alifikiri hivyo njia nzima ya kurudi Kakuma. Alihesabu kwa vidole watu arobaini aliowapeleka Eliye, akasema kumi tu wakitoa picha, mambo yamekwisha. Alisahau kwamba mtu akishaning'iniza uongo wake sebuleni, akaufuta vumbi kila Jumamosi, humwambii kitu.

Alianza kwa Mwalimu Keziah, mwanamke wa Nyamira aliyefundisha shule ya msingi. Keziah hakuishia kwenye picha. Alikuwa amewasimulia walimu wenzake samaki aliyekula Eliye, mpaka na mwiba uliomkwama kooni.

"Mama Picha, watoto wangu wameandika insha kuhusu hiyo safari! Niliwapa alama! Nitawaambia nini?"

Kwa Mchungaji Dieudonné, Mkongo wa kanisa lile la mabati karibu na kisima, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Picha yake ilitundikwa madhabahuni. Alikuwa amehubiri nayo Jumapili tatu, habari za Petro kutembea juu ya maji.

"Mama, mi naogopa," akasema akishika kichwa. "Batu ya kanisa batasema nini? Batasema na mahubiri ingine ni ya kompyuta."

Na hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba. Wengine walijitia hamnazo, ati picha ipi, wao hawajawahi kupiga picha maishani. Mzee mmoja Mturkana alimpokea kwa salamu nyingi za "Ejok, ejok" na chai, akasikiliza kwa makini, kisha akasema yeye Eliye alikwenda kwa miguu yake na asiletewe maneno. Kufikia Jumatano jioni Wanjugu alikuwa na picha moja tu, ile aliyojiweka mwenyewe ziwani mwaka juzi, na miguu inawaka moto.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Sajini Kipkemboi.

Ndiyo. Huyohuyo. Siku ya Pasaka iliyopita alikuja studio na kaptura kwenye mfuko wa karatasi, akabadilisha nguo nyuma ya pazia, akapelekwa Eliye na kofia ya majani. Alijua fika jinsi mtu anavyofika pale. Ndiyo maana alimwambia Manyok afikirie vizuri, na Manyok alipokubali, akashukuru Mungu akanyamaza. Manyok alipokana, bado akanyamaza.

"Afande," Wanjugu akasema mlangoni, hakuingia. "Na ile yako?"

"Yangu iko Kapsabet. Kwa mama."

"Nyingine iko kwa simu yako."

Kipkemboi alitazama viatu vyake. "Mama Picha, kesi ni yangu. Mimi ndiye nilimfunga pingu. Unataka nisimame mbele ya hakimu niseme nini?"

"Sitaki chochote. Siri ya mteja ni siri, na mimi sijawahi kumtaja mtu. Nimekuja tu nikuone uso." Akageuka akaenda zake, amekasirika mpaka akapita nyumba yake mwenyewe bila kuiona.

Alhamisi alfajiri alifika stendi akiwa na fremu yake moja kwapani, anapanga jinsi ya kumwomba Arek msamaha. Kumbe kuna mtu amemtangulia. Mwalimu Keziah alikuwa amesimama kando ya gari, amefunga kitu bapa kwenye leso. Nyuma yake Mchungaji Dieudonné amekumbatia fremu ya madhabahuni kwa mikono miwili.

"Usiniulize kitu," Keziah akasema. "Jana nimenunua mkate. Ameoka yule kijana anayemsaidia Manyok, na ulikuwa mgumu kama tofali. Nikakaa nao pale mezani nikalia. Twende kabla sijabadilisha nia."

"Petro naye alizama," Mchungaji akasema. "Na ndipo alishikwa mkono. Hiyo sikuhubiri. Jumapili nitahubiri."

Picha tatu zikapangwa mezani kwa hakimu kando ya ile ya Manyok. Watu walisogea mpaka karani akawafukuza. Mwalimu Keziah mwezi wa nane, Mchungaji mwezi wa tano, Wanjugu mwaka juzi, Manyok Desemba. Na katika zote nne, mbuzi mweupe wa kichwa cheusi, miguu miwili juu, jani lilelile mdomoni.

Hakimu alizitazama moja moja. "Huyu mbuzi hashibi?" akauliza.

Safari hii alicheka hata yeye. Wanjugu moyo ukamtulia, akaanza kumwangalia Arek kwa macho ya kusema si nilikuambia. Lakini yule bwana wa leso hakuwa ametulia.

"Mheshimiwa, mimi naona watu wanne na mbuzi mmoja. Labda walikwenda wote siku moja, ile kumi na nne Desemba, na hizi tarehe nyingine ndizo zilizobandikwa. Tarehe anaandika Bi Wanjugu, amekiri mwenyewe. Mashahidi wanasema hawakwenda. Ni marafiki wa mshtakiwa, wanakula mkate wake."

"Nani hali mkate wake?" Keziah akafoka kutoka nyuma, akaambiwa anyamaze.

Hakimu aligongagonga kalamu mezani. Uso ulikuwa umerudi kuwa wa kazi. "Bwana ana hoja. Neno la shahidi ninalo, picha ninazo. Nisichokuwa nacho ni kitu cha tatu. Je, kuna mtu ambaye picha inamweka Eliye, na maandishi yasiyo yake yanamweka mahali pengine siku hiyo?"

Wanjugu alijua, na Mungu alijua kwamba anajua. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alitazama dari, akang'ata ulimi wake, akahesabu mapanga ya feni. Ubao wake ulikuwa umemsuta kwa mengi, lakini kumwanika mteja hadharani, hilo hangelifanya hata kama lingemwokoa Manyok. Machozi yakaanza kumlenga kwa uchungu wa kutoweza kusema.

Kiti kikakwaruza sakafu karibu na mlango.

"Mheshimiwa, naomba kuongea," Sajini Kipkemboi akasema. Kofia ya sare alikuwa ameishika mkononi. "Si kama shahidi wa mashtaka. Kama mteja."

Akaja mbele akaweka simu yake juu ya meza. Kaptura. Kofia ya majani. Meno yote nje. Ziwa nyuma yake, boti, mbuzi yuleyule, na kwenye kona tarehe ya Jumapili ya Pasaka.

"Picha hii niliituma siku hiyohiyo, na tarehe ya kutuma imeandikwa na simu yenyewe, si Mama Picha. Siku hiyo niliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na nikatoka saa kumi na mbili jioni, hapo Kakuma. Saa sita ndiyo mapumziko, nikaenda studio, nikarudi. Imeandikwa kwa kitabu cha matukio cha kituo, na mwandiko si wangu. Jana usiku nilipiga ukurasa picha, ni hii inayofuata. Na kama mheshimiwa haamini tena picha, hata mimi sikulaumu. Kitabu chenyewe nimekibeba, kiko kwa gari."

Kitabu kikaletwa. Hakimu akasoma, kidole kikifuata mstari. Kisha akamwangalia Sajini juu ya miwani, na sauti yake haikuwa kali.

"Ulijua haya tangu mwanzo?"

"Nilijua inawezekana, mheshimiwa. Nilinyamaza. Niliona haya."

"Kaptura tu ndiyo ilikutia haya hivyo?"

"Hapana. Ni mama yangu." Kipkemboi akakohoa. "Nilipoletwa Turkana, mama alilia siku tatu. Kwetu watu wanasema huku ni kiu na risasi tu. Alikuwa halali. Nikamtumia hiyo picha, nikamwambia serikali inatupeleka kupumzika kila mwezi. Akaanza kulala. Sasa hii itafika kwetu kabla sijafika mimi, na atajua mtoto wake ni mwongo, na hatalala tena. Lakini huyu kijana ana harusi, na mimi ndiye niliyemtoa kwa tanuri."

Hakuna aliyecheka. Manyok pale kizimbani alikuwa ameinua kichwa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo urefu wake wote ulionekana.

Akaachiliwa kabla ya saa sita. Yule bwana wa mashtaka, nikupe haki yake, aliondoa mashtaka mwenyewe bila kusukumwa, akaja kumpa Wanjugu mkono. Akamvuta pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana picha ya Mombasa. Na injini? Ilipatikana wiki iliyofuata Kalemng'orok, imefichwa chini ya turubai, na aliyeificha hajawahi kupiga picha popote.

Harusi ilifanyika Jumamosi ya kwanza ya Februari kama ilivyopangwa, mkate wa kutosha, vigelegele mpaka barabarani. Mchungaji Dieudonné alihubiri habari za Petro kuzama, na kanisa lilijaa kuliko siku ya maji. Mwalimu Keziah aliwapa watoto insha mpya, Safari Ambayo Sikwenda, akaapa hajawahi kusoma insha nzuri kama hizo. Na mjomba wa Arek, alipoulizwa angependa kupigwa picha wapi, alisema: mbele ya tanuri, na hilo tanuri lionekane lote.

Wanjugu alipanda ngazi akaongeza mstari mmoja kwenye ubao wake, herufi ndogo ndogo chini ya zile kubwa: isipokuwa umeomba. Alikuwa bado juu ya ngazi, brashi mkononi, simu ilipolia.

"Wewe ndio Wanjugu wa picha? Nambari yako iko nyuma ya picha. Mimi ni mama yake Kipkemboi, Kapsabet."

Wanjugu alishuka ngazi polepole, akakaa kwenye ile stuli ya plastiki. "Mama, nisamehe. Kosa ni langu. Mimi ndio nilimweka huko."

"Amenipigia ameniambia yote. Analia, mtu mzima na sare. Nikamwambia, wewe, si mimi nilikuzaa? Unafikiri sikujua? Tangu uzaliwe hujawahi kuvaa kofia ya majani."

"Ulijua, mama?"

"Siku ya kwanza. Sasa sikiza, nina swali moja tu, na unijibu mbele ya Mungu. Hiyo bahari…"

"Ni ziwa, mama."

"Hilo ziwa ni lako, sawa. Kofia ni yako. Na mashavu? Hayo mashavu yamejaa hivyo, na anacheka hivyo, na hayo meno, hiyo uliweka wewe?"

Wanjugu alifikiria jinsi Kipkemboi alivyosimama mbele ya kitambaa cha kijani, na jinsi yeye alivyomwambia asimame kama bwana harusi, na sajini mzima akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Hapana, mama. Hiyo sikugusa. Hiyo ni yake."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi ndefu. "Basi. Hiyo tu ndiyo nilikuwa naangalia kila usiku. Iko ukutani, na haitoki."

Wanjugu alijipangusa macho kwa kona ya kitambaa cha kijani. Kisha, kwa kuwa yeye ni yeye, hakuweza kujizuia.

"Kwa hivyo mama, muda huo wote, hata yule mbuzi hukumshuku?"

"Mbuzi gani?" akauliza mama Kipkemboi.